Ngozi kupauka na kupasuka msimu wa baridi: maswali ninayoulizwa kila mwezi wa sita

Nimekulia Njombe, mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule Kitulo unapanda mpaka kama 2,600, kwahiyo Juni na Julai asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu. Watu wanajifunika makoti vizuri tu lakini ngozi wanaisahau. Haya ndo maswali yanayorudi kila mwaka.

Mafuta napaka kila asubuhi, tena mengi, ila ikifika saa nne nimepauka kama nimemwagiwa unga. Nibadilishe mafuta?

Hapana, usikimbilie kununua mengine kwanza. Shida ni kwamba ngozi ikipauka kinachopungua ni maji, na mafuta hayaongezi maji, yanayafungia tu yale yaliyopo. Sasa wewe unatoka bafuni, unajifuta mpaka unakauka kabisa, unavaa nguo ya ndani, unapiga stori kidogo, unapiga pasi, alafu ndo unapaka, hapo maji yameshakwenda na unafungia ukavu. Jifute kwa kugusagusa na taulo, ngozi ibaki na unyevunyevu, upake hapohapo ndani ya dakika tatu hivi. Mafuta ya mgando ya kawaida kabisa yale ya dukani yanafunga maji vizuri kuliko losheni nyingi za bei ghali, maana losheni nyepesi sehemu kubwa ni maji na yanaruka haraka. Ukipenda losheni paka, halafu mgando kidogo juu yake.

Glisirini nayo nzuri ila inavuta maji, ukiipaka yenyewe kwenye ngozi kavu huku hewa nayo kavu itavuta maji ya ngozi yako mwenyewe. Ipake ukiwa na unyevu, mgando ufuate juu.

Lakini kwanini baridi ikaushe ngozi wakati hata jasho halinitoki?

Hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi, na huku kwetu mvua ikikatika mwezi wa tano unakuja upepo mkavu, kwahiyo hewa inanyonya maji kwenye ngozi yako kama inavyokausha nguo kwenye kamba, jasho litoke lisitoke. Halafu sisi wenyewe tunaisaidia: maji ya moto. Jamani najua raha yake, sufuria linafuka na nje kuna ukungu, lakini ngozi ina mafuta yake ya asili yanayoshika seli kama udongo unavyoshika matofali, na maji ya moto yanayalegeza, sabuni inayabeba. Oga ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi inatosha, na sabuni ya mche ya kufulia iache kwenye nguo, ni kali sana kwa mwili. Sabuni weka kwapani, sehemu za siri kwa nje na miguuni, mikono na mapaja yakiwa hayana uchafu maji yanatosha.

Miguu yangu ina magaga mpaka inatoa damu, mama anasema nikate na wembe.

Mama shikamoo yake, ila wembe hapana. Ukikata unafungua mlango wa vijidudu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kama robo saa, sugua taratibu na jiwe la miguu, paka mgando mzito, vaa soksi za pamba ulale nazo. Fanya kila usiku wiki mbili usikate tamaa siku ya tatu. Famasi pia kuna krimu zenye yurea, zinalainisha gaga gumu. Mwenye kisukari asisugue wala kuloweka mwenyewe, aende kituo cha afya aangaliwe, kwa sababu miguu yake inaweza isisikie maumivu na mpasuko mdogo ukageuka kidonda kikubwa.

Naota moto jioni, sasa miguu imetoka michoro ya kahawia kama wavu. Ni ugonjwa?

Ni joto. Ngozi ikikaa karibu na moto kila siku inaungua polepole bila malengelenge, inaacha hiyo michoro. Sogea mbali, vaa soksi, michoro mipya inafifia yenyewe kwa miezi, ya muda mrefu inaweza kubaki. Na naomba sana, jiko la mkaa usilale nalo chumbani mmefunga madirisha, ile hewa ya sumu haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Tunawashwa nyumba nzima, hasa usiku. Ni baridi tu?

Hapa simama. Ukavu unawasha, ndio, lakini ukiona vipele katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, na mnaolala pamoja wote mnajikuna usiku, huo ni upele wa kuambukizana (skabisi). Baridi inatufanya tulale tumebanana blanketi moja na wadudu wake wanahama. Mafuta hayautibu. Dawa mnapaka nyumba nzima siku moja hata asiyewashwa, na mashuka na nguo zifuliwe maji ya moto au zianikwe juani vizuri.

Mtoto mashavu yamekuwa mekundu na yanachubuka, jirani kanipa tyubu.

Dada yangu, rudisha hiyo tyubu. Nyingi zinazozunguka mtaani zina steroidi kali, unaona nafuu siku mbili halafu ngozi ya mtoto inakuwa nyembamba. Mpake mgando kiasi kabla hajatoka nje na kila ukimfuta kamasi. Asipopona wiki moja, au kuna majimaji ya njano, au anajikuna mpaka halali, inaweza kuwa pumu ya ngozi imeingia vijidudu, mpeleke.

Jua la baridi si halina shida?

Linaunguza, tena huku juu zaidi, kila mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10. Hausikii joto ndo maana unakaa muda mrefu. Ndugu zetu wenye ualbino wasiache losheni ya jua mwezi huu hata kukiwa na mawingu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza inayoitwa Kilisun kwa ajili yao. Ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu na wewe.