Saa Zinazokimbizwa Desemba

Katika chama chetu cha wahasibu najitolea kupitia rekodi za mafunzo endelevu, yale anayotakiwa mwanachama kuendelea kuyapata akiwa tayari kazini. Kila mwaka tunachagua wanachama kadhaa na kuwaomba vielelezo. Siku hizi jalada naweza kulisoma kwa tarehe tu: Januari hadi Oktoba kimya, kisha Novemba na Desemba semina zinafuatana kama siafu. Kodi, bima, uongozi, usalama wa mitandao. Vyeti vyote vipo, ila alichojifunza mwenye jalada hukioni.

Siwalaumu sana, maana kanuni zenyewe zinahesabu saa za mafunzo. Kiwango cha kimataifa cha elimu ya wahasibu, IES 7, kwa wanaofuata njia ya saa, kinataja saa 120 katika kila miaka mitatu, na 60 kati ya hizo ziwe na uthibitisho. Mtu anagawanya kwa tatu, anapata 40, anaanza kuwinda vyeti.

Hapo kwenye "uthibitisho" ndipo wengi wanapoteleza, wakidhani ni lazima iwe karatasi yenye mhuri wa mwandaaji semina. Chukua IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu mikataba ya upangaji, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 na kumtaka mpangaji aingize karibu mikataba yote ya upangaji kwenye mizania, isipokuwa ya muda usiozidi miezi 12 na ya mali za thamani ndogo. Mwanachama mmoja hakuwa na cheti hata kimoja kuhusu kiwango hicho. Alileta karatasi zake za kazi: vifungu alivyosoma, mikataba aliyoipitia, kiwango cha riba alichokikosea mwanzoni, barua pepe ya mwenzake aliyemrekebisha, na hesabu mpya, vyote vikiwa na tarehe. (Majina ya wateja alikuwa ameyafuta. Nanyi fanyeni hivyo.) Nilimkubalia saa zote bila kusita, kwa sababu niliweza kumwona akijifunza.

Basi saa zifutwe? Wadhibiti wenyewe hawajaafikiana. Mwaka 2016 mawakili wa England na Wales waliondolewa sharti la saa 16 kwa mwaka, wakatakiwa badala yake kutafakari upungufu wao na kuushughulikia. Wahasibu wa ICAEW, chama cha wahasibu cha huko huko England na Wales, waliokuwa wamezoea mfumo usiohesabu saa, wakarudishiwa kima cha chini cha saa Novemba 2023, pamoja na mafunzo ya maadili ya lazima kila mwaka. Wamepishana njiani. Mimi niko upande wa saa, kwa sababu bila hizo mwenye shughuli nyingi ataahirisha hadi astaafu. Ila saa zianzie kwenye pengo la kweli.

Kulipata pengo si kazi. Mwaka unapoanza, andika mambo matatu yaliyokutoa jasho mwaka uliopita: swali la mteja ulilolikwepa, hoja ya ukaguzi iliyorudi mara ya pili, jedwali ulilomwachia kijana wa ofisini kwa sababu hukulielewa. Mpango wako ndio huo. Kisha baada ya kila mafunzo andika sentensi mbili kuhusu ulichobadilisha kazini. Kama hakuna, andika "hakuna". Mpitiaji mwenye akili hatakuadhibu.

Mwaka jana niliandika "hakuna" mara mbili. Semina mojawapo niliiendesha mwenyewe.