Vifuu, pumba na maji ya rangi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Atiaye batiki uani na kiwanda kikubwa cha nguo wanafanana kwa jambo moja: kazi ikiisha, kuna maji ya rangi ya kumwagwa. Kuyasafisha kwa pumba za mpunga, magunzi ya mahindi au mkaa wa vifuu kunawezekana, ila yanayosimuliwa mengi yamepinda.

Dhana: Mabaki yoyote ya mmea hunasa rangi yoyote.

Ukweli ni kwamba chaji ya umeme ndiyo huamua. Pumba zikiwa ndani ya maji ya kawaida, uso wake huwa na chaji hasi, kwa hiyo rangi zenye chaji chanya hujibandika hapo upesi. Methilini bluu, aliyoitengeneza Mjerumani Heinrich Caro mwaka 1876, ni ya kundi hilo, na ndiyo kipenzi cha maabara: unatia pumba, unatikisa, chupa inang'aa. Lakini nguo za pamba viwandani hutiwa sana rangi za reaktivu (zinazoungana kikemikali na nyuzi za pamba), zilizoingia sokoni mwaka 1956, nazo zina chaji hasi. Hasi kwa hasi husukumana. Ukitaka pumba zizinase, inabidi uongeze asidi au ubadilishe uso wa pumba kwa kemikali, na maji hayo tayari yamejaa magadi, hivyo asidi itakayohitajika si haba. Mtu akikuonyesha chupa iliyong'aa, muulize kwanza ni rangi gani aliyotumia.

Dhana: Mkaa ni mkaa, hata wa jikoni utafaa.

Mkaa wa jikoni una vinyweleo vichache, yaani vitundu vidogo mno vya kunasia rangi. Ule wa vifuu unaouzwa kwa vichujio hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, hadi gramu moja iwe na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Gramu saba au nane zatosha kufunika kiwanja cha mpira. Unaweza kuuponda mkaa wa kawaida uwe unga. Utasaidia kidogo, hautafika huko.

Dhana: Mbegu za mlonge hufanya kazi ileile ya pumba.

Hapana. Protini yake ina chaji chanya. Huzikusanya chembe na rangi zenye chaji hasi, zikagandamana na kuzama. Kwa hiyo mlonge huweza kufaa palepale pumba zinaposhindwa. Ila usiyaweke maji hayo muda mrefu: masalia ya mbegu huoza na maji hunuka.

Dhana: Maji yakiangaza, yamekuwa safi.

Chumvi, magadi na kostiki (soda kali inayounguza ngozi) havina rangi, na pumba haziviondoi. Mabaki mabichi ya mmea yanaweza hata kuongeza tatizo, kwa kuachia tanini (dutu chungu za mimea) za kahawia na chakula cha bakteria wanaomaliza oksijeni ya mto. Na kwa batiki ya rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki na haidro (unga unaoondoa oksijeni kwenye rangi), sehemu kubwa ya rangi huganda na kutuama yenyewe ikipigwa na hewa. Kinachobaki juu, ile kostiki, ndicho cha kuogopa.

Dhana: Rangi imekwisha.

Imehama tu, sasa imo ndani ya pumba. Ukizitupa shambani, mvua ikichanganyika na chumvi au magadi ya udongo inaweza kuirudisha majini. Kuzichoma kwenye tanuri lenye joto kali ni afadhali, lakini baadhi ya rangi zina kromiamu au shaba, na metali haziungui: hubaki kwenye majivu, ambayo hayafai kuwa mbolea.