Mjukuu anafanyiwa bar mitzva: dhana potofu na ukweli kwa ukoo mzima

Wapo watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani, Kanada na Uingereza ambao watoto wao wameoana na Wayahudi. Siku moja bibi aliyeko Tanga au Kisumu anapigiwa simu: mjukuu anafanyiwa bar mitzva, njooni. Bar mitzva ni siku ya mtoto wa Kiyahudi kufikia umri wa kushika amri za dini yake, lakini bibi hajui. Anauliza majirani, na kila jirani anamjibu kwa kile alichowahi kusikia. Nayaandika haya kwa ajili ya bibi huyo, babu, mashangazi na wajomba watakaosafiri pamoja naye, kwa sababu shughuli hii ina nafasi yao, na nafasi hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

"Kumbe ni jando la Wayahudi"

Siyo. Mvulana wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa, kwa hiyo akifika miaka 13 habari hiyo ilishapita zamani. Hakuna ngariba, hakuna kambi, wala hakuna mafunzo ya siri. Kila kitu hufanyika hadharani. Mtoto huitwa mbele ya sinagogi kwenye Torati, yaani gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, akasema baraka na mara nyingi kusoma sehemu ya Torati iliyopangiwa juma hilo.

Kusoma huko si kazi ndogo. Maandishi ya gombo yana konsonanti tu, hayana irabu wala alama za mahadhi, na bado lazima yasomwe kwa mahadhi yake. Mtoto hujifunza kwa miezi mingi akiwa na mwalimu, hadi irabu na mahadhi vimkae kichwani. Anaposoma hufuata mistari kwa kijiti chenye ncha ya umbo la mkono, maana ngozi ile haiguswi kwa vidole. Kisha wengi huimba kipande cha vitabu vya Manabii na kutoa hotuba fupi ya kueleza walichosoma. Aliyewahi kumwona mtoto wa madrasa akisimama siku ya Maulidi kusoma Kurani mbele ya wazazi, na mwalimu amekaa pembeni akimsikiliza kila herufi, ataijua mara moja hali iliyomo ndani ya sinagogi asubuhi hiyo.

"Bila sherehe, mtoto hajavuka"

Hii wanaiamini hata Wayahudi wenyewe. Kwa sheria yao, mvulana akitimiza miaka 13 kwa kalenda ya Kiebrania anakuwa bar mitzva papo hapo, hata kama siku hiyo amelala nyumbani ana homa. Hakuna anayempa hadhi hiyo, si rabi wala wazazi. Torati ya Musa haitaji sherehe yoyote ya namna hii. Mishna, mkusanyo wa mafundisho uliokamilishwa karibu mwaka 200, inasema tu kwamba miaka 13 ndiyo umri wa kushika amri. Ibada na karamu tunazozijua zilikua baadaye sana, katika Zama za Kati, hasa miongoni mwa Wayahudi wa Ujerumani na nchi jirani.

Wala si lazima iwe Jumamosi, siku ya Sabato yao. Torati husomwa pia Jumatatu na Alhamisi asubuhi, na ndiyo maana siku hizo Ukuta wa Magharibi huko Yerusalemu hujaa familia za watoto wa bar mitzva. Pale wanawake na wanaume husali pande mbili, na utawaona bibi na shangazi wamepanda juu ya viti kuchungulia upande wa pili, wakimrushia mtoto peremende kutoka juu ya kizuizi.

"Ni ya wavulana tu"

Msichana huingia umri wa amri akiwa na miaka 12, ingawa sinagogi nyingi za mikondo ya Mageuzi (Reform) na Masorti (Conservative) huadhimisha akiwa na 13 kama mvulana. Huko Baghdad, katika karne ya 19, Rabi Yosef Hayyim aliandika kwamba siku msichana anapotimiza umri huo avae nguo mpya na aseme baraka ya shukrani.

Bat mitzva, yaani sherehe hiyohiyo kwa msichana, ya kwanza inayojulikana Marekani ilifanyika New York tarehe 18 Machi 1922. Rabi Mordecai Kaplan alimwita binti yake Judith, aliyekuwa na miaka 12, asome mbele ya watu. Hakusoma kwenye gombo lenyewe. Alisoma kwenye kitabu cha chapa, kwa Kiebrania na Kiingereza, baada ya gombo kukamilisha zamu yake. Judith alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba usiku uliotangulia aliwasikia bibi zake wawili wakibishana. Wote wawili walitaka jambo lile lisifanyike, lakini kila mmoja alimsukumia mwenzake: zungumza na mwanao, la, zungumza wewe na binti yako. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ukoo ulivyo hasa. Mabadiliko makubwa ya dini yalipita kwanza kwenye mazungumzo ya bibi wawili, na asubuhi yake wote wakaenda kumsikiliza mjukuu.

"Kuanzia leo ni mtu mzima, anaweza hata kuoa"

Utu uzima unaozungumzwa ni wa kubeba amri. Anafunga siku ya Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, kama saa 25 bila chakula wala maji. Anahesabiwa katika watu kumi wanaohitajika kwa sala ya pamoja, ingawa kwa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshikilia sheria za kale, hesabu hiyo ni ya wanaume peke yao. Makosa yake sasa ni yake, si ya baba yake. Lakini Mishna hiyohiyo inaweka ndoa kwenye miaka 18, na kesho yake mtoto anarudi shule.

"Babu na bibi kazi yao ni kukaa mstari wa mbele wapigwe picha"

Hapa ndipo dhana potofu inapoumiza zaidi, kwa sababu inawanyima wazee kitu ambacho dini yenyewe imewapa. Kumbukumbu la Torati sura ya 4 inaagiza yale yaliyoonekana Sinai yafundishwe "watoto wako na watoto wa watoto wako". Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, inaongeza neno la Rabi Yehoshua ben Levi: anayemfundisha mjukuu wake Torati huhesabiwa kama aliyeipokea mwenyewe mlimani Sinai. Mwalimu huyo alikuwa na desturi ya kumsikiliza mjukuu wake akisoma sehemu ya juma kila Ijumaa. Talmudi ya Yerusalemu inasimulia kwamba safari moja alisahau, akaingia kwenye hamamu ya Tiberia akiwa ameegemea bega la mwanafunzi wake. Alipokumbuka, aligeuka akatoka.

Kwa hiyo babu anayempigia mjukuu simu kila juma na kumwambia "nisomee" hajiingizi katika yasiyomhusu. Haidhuru awe hajui Kiebrania hata neno moja. Mtoto anayefanya mazoezi anahitaji sikio la mtu anayempenda, na mzee aliye mbali anaweza kulitoa.

Siku yenyewe, wazee Wayahudi mara nyingi huitwa kwenye Torati kusema baraka kabla na baada ya kipande kusomwa. Katika sinagogi nyingi za Marekani kuna pia desturi ambayo kila niliyemwelezea imemgusa: gombo hutolewa katika sanduku lake, likawekwa mikononi mwa babu na bibi, wao wakawapa wazazi, na wazazi wakampa mtoto. Gombo ni zito. Mzee mwenye mgongo mbovu aseme mapema, na mtu atasimama karibu naye kumsaidia, maana hakuna anayetaka lianguke.

"Sisi si Wayahudi, tutasimama nje"

Mtaingia, na mtaketi na familia. Jambo la kuuliza ni lipi mtakaloshiriki, na jibu hutofautiana. Sinagogi za Kiorthodoksi haziwaiti wasio Wayahudi kwenye Torati, na wanaume huketi mbali na wanawake. Za Mageuzi nyingi huwapa babu na bibi wa upande wa pili sala ya kusoma, maneno ya baraka kwa mjukuu, au kazi ya kufungua sanduku la magombo. Wazazi wa mtoto wamuulize rabi miezi kadhaa kabla, si asubuhi ya siku hiyo. Na kama bibi anataka kumbariki mjukuu kwa Kiswahili, aombe. Karamuni, angalau, sioni nani angekataa.

Kuna pia swali zito ambalo familia huliogopa: mama wa mtoto akiwa si Myahudi, je, mtoto anastahili? Waorthodoksi na Masorti hufuata uzao wa mama, kwa hiyo mtoto huyo hupitia kwanza taratibu za kuingia dini. Mkondo wa Mageuzi wa Marekani uliamua mwaka 1983 kwamba baba peke yake anatosha, mradi mtoto alelewe katika maisha ya Kiyahudi. Mama wa Kiswahili asisubiri hadi mtoto afike miaka 12 ndipo aulize.

Kuhusu adabu za mlangoni: nguo za heshima, mabega yafunikwe, na wanaume huvaa kofia ndogo iitwayo kipa, ambayo kwa kawaida hutolewa pale pale. Wanaoshika Sabato hawatumii simu wala kamera hadi jioni, na hawapokei bahasha ya pesa mkononi. Ipelekwe kabla au baada. Wengi hutoa kiasi kinachogawanyika kwa 18, kwa kuwa herufi za Kiebrania za neno "uhai" zikijumlishwa kwa hesabu ya herufi hutoa 18. Kiasi kingine si aibu. Pilau ya nyumbani, hata iwe nzuri vipi, isibebwe bila kuuliza, maana jiko linalofuata kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, halipokei chakula kilichopikwa nje yake.

"Lazima ukumbi mkubwa na deni la miaka mitatu"

Mishumaa 13 inayowashwa na ndugu mmoja mmoja ni desturi ya karamu za Marekani tu. Kumnyanyua mtoto juu ya kiti wakati wa ngoma ya hora ni furaha, si sharti. Ubadhirifu wenyewe ni ugonjwa wa zamani: katika karne ya 16 Rabi Shlomo Luria wa Poland, aliyeitetea karamu hii kama karamu ya amri, aliwakemea pia walioigeuza kuwa ulafi. Mkate, divai na samaki mezani baada ya sala vinatosha kabisa.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Nenda Mbale, mashariki mwa Uganda. Jumuiya ya Abayudaya ilianza huko mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, ikapita kipindi cha Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, na rabi wao Gershom Sizomu alipata urabi mwaka 2008 baada ya kusoma Los Angeles. Wavulana na wasichana wao husoma Torati, na sala zao zina nyimbo za Kiluganda.

"Aliyepitwa na umri amekosa"

Hapana. Wapo wazee walionusurika mauaji ya Wanazi walioadhimisha bar mitzva yao miongo mingi baadaye, na wapo bibi ambao ujanani wasichana hawakuitwa, wakajifunza mahadhi uzeeni. Na kwa kuwa Zaburi ya 90 inahesabu siku za mwanadamu kuwa miaka 70, wengine huanza kuhesabu upya hapo na kuadhimisha mara ya pili wakiwa na miaka 83. Judith Kaplan alisoma tena mwaka 1992, akiwa na miaka 82. Familia yenye babu wa umri huo inaweza kumwomba rabi aitwe kwenye Torati asubuhi moja na mjukuu wake.