Jina Lililoandikwa Ndani ya Maktaba

Kosa ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: programu inagoma kuanza, inadai haioni libssl.so.1.1, yaani faili la maktaba ya usimbaji ya OpenSSL. Mwenyewe ameshakagua, libssl ipo, tena toleo jipya zaidi. Mbona haionekani?

Ni kwamba programu haitafuti libssl yoyote tu. Inatafuta libssl.so.1.1, herufi kwa herufi.

Kwenye Linux, maktaba (faili la msimbo unaotumiwa na programu nyingi) moja hubeba majina matatu. Chukua zlib, maktaba ya kubana data. Faili lenyewe linaitwa, tuseme, libz.so.1.3.1. Pembeni yake kuna viungo viwili vinavyolielekea: libz.so.1 na libz.so. Hilo fupi ni la siku ya kujenga programu; ukiandika -lz, kiunganishi (linker, kinachounganisha programu na maktaba zake) hutafuta libz.so. Ila hakiandiki jina hilo popote. Hufungua faili, husoma jina lililochongwa ndani yake, yaani soname, ambalo hapa ni libz.so.1, na hilo ndilo hutiwa kwenye programu yako. Tangu hapo programu haijui jina jingine.

Kwa hiyo namba ya soname ni ahadi. Maktaba ikirekebishwa bila kuvunja programu za zamani, namba hubaki palepale. Ikizivunja, lazima ibadilike. OpenSSL 3.0 ilipotoka mwaka 2021, soname ilihama kutoka libssl.so.1.1 hadi libssl.so.3, na ilistahili kuhama. Nakusihi basi, usitengeneze kiungo chenye jina la zamani kinachoelekea faili jipya. OpenSSL angalau itakukatalia mapema, maana fanksheni zake zimegongwa muhuri wa toleo. Maktaba isiyo na muhuri huo inaweza kukubali kuanza, kisha ikasoma kumbukumbu kwa mpangilio usio wake na kuharibu data kimyakimya. Niliwahi kutumia siku mbili kusaka hitilafu ya namna hiyo, na chanzo kilikuwa kiungo kimoja tu.

Kuhusu mahali pa kutafuta, kipakiaji (kinachopakia maktaba programu inapoanza) huanza na njia zilizoandikwa ndani ya programu kama RPATH, ikiwa programu haina RUNPATH, ambayo ni orodha nyingine ya njia iliyomo ndani yake. Hufuata LD_LIBRARY_PATH, kigezo cha mazingira unachokiweka mwenyewe, kisha RUNPATH, kisha orodha ya /etc/ld.so.cache, mwisho saraka za kawaida kama /lib na /usr/lib. LD_LIBRARY_PATH mimi naiachia majaribio. Ikiwekwa kwa mfumo mzima huvuruga hata programu zisizohusika. Kwa maktaba inayosafiri pamoja na mradi wako, weka ndani ya programu RUNPATH yenye $ORIGIN, ili itafutwe kuanzia saraka ya programu yenyewe, popote itakapohamishiwa. Ukiiweka kwenye saraka ya mfumo, endesha ldconfig: husoma soname, hutengeneza kiungo chake na kuandika upya ile orodha.

Na kabla ya kugusa chochote, endesha readelf -d kwenye programu. Mistari ya NEEDED itakuonyesha majina hasa yanayotafutwa. Yalinganishe na SONAME ya faili ulilo nalo.