Mama wa Kichina ughaibuni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jirani yangu hapa Toronto ana watoto wawili, kazi ya ofisini, na masomo ya uzamili anayoyasoma usiku. Wazazi wake walitoka Hong Kong, wakati wengi walipohamia Kanada kabla mji ule haujarudishwa China mwaka 1997. Kila mtu ana neno la kumwambia kuhusu kulea Kichina. Mengi si kweli, na yanamuumiza bure.

"Zungumza nao Kichina nyumbani, basi."

Kichina kipi? Lugha ya wazazi wake ni Kikantoni, na shule ya Jumamosi wanayosoma watoto inafundisha Kimandarini. Watu wa lugha hizo mbili wakizungumza hawaelewani. Hata maandishi yana tofauti: China bara walirahisisha herufi miaka ya 1950, Hong Kong wakabaki na zile za zamani.

Siku moja nilikuwa jikoni kwake, mtoto akamfungulia bibi yake daftari. Alikuwa ameandika neno "upendo", akalisoma "ai". Bibi akaweka kidole juu ya herufi, akatikisa kichwa, akachukua penseli na kuandika ya kwake pembeni. "Oi," akasema. Kisha akamwonyesha mjukuu katikati ya herufi yake: pale pana alama ya moyo, ambayo kwenye ile iliyorahisishwa imeondolewa. Mtoto akainakili mara tatu. Mama mtu alikuwa anaosha vyombo, hakusema neno. Alikuwa amejilaumu miaka miwili kwamba lugha inamfia mikononi, kumbe mwalimu yumo humo ndani.

"Watoto wa huku hawawezi kushika heshima za ukoo."

Wanazishika, wakifundishwa majina. Sisi Waswahili tunalielewa hili upesi. Kwa Kimandarini kaka wa mama ni *jiujiu*, yaani mjomba. Kaka mkubwa wa baba ni *bobo*, baba mkubwa. Mdogo wake ni *shushu*, baba mdogo. Dada wa baba ni *gugu*, shangazi. Kiingereza kinawaita wanaume wote watatu kwa neno moja. Mtoto anayejua amwite nani jina gani ameshajua nafasi yake mwenyewe katika ukoo.

"Mila inamtaka mama atulie nyumbani."

Mila ya lini? Viwanda vya nguo na maua ya plastiki vya Hong Kong miaka ya 1960 na 1970 viliendeshwa kwa mikono ya wanawake, wakiwamo wenye watoto. Wengine walipeleka kazi nyumbani, wakaunganisha maua mezani pamoja na wanao. China bara, sheria ya ndoa ya 1950 ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa na kumpa mke haki ya kudai talaka, na bibi kulea wajukuu mama akiwa kazini ni jambo la kawaida mno. Anayemwambia jirani yangu kwamba masomo yake ni uzungu hajui bibi zake walivyoishi.

Kwamba mama wa Kichina wote huwashurutisha watoto piano na hesabu kwa ukali, sitalipotezea muda.

"Kukaa mwezi baada ya kujifungua ni ushirikina."

Kwetu Tanga mzazi hukaa arobaini, akakandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Wakantoni wanampikia mzazi miguu ya nguruwe na mayai katika siki tamu yenye tangawizi nyingi. Mapumziko na chakula cha kutosha vina faida ya wazi. Lakini kukatazwa kuosha nywele mwezi huo hakuna msingi wa kitabibu, na kulala tu bila kutembea kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Jirani yangu aliposhika mimba ya pili aliyasema haya mapema kwa mama yake. Alioga, akatembea ukumbini, akala kila bakuli aliloletewa.

Sasa Jumanne na Alhamisi usiku yuko darasani. Watoto wako kwa bibi, na lile daftari huenda nao.