Je, wajua? Kwa nini California hutenga fedha zaidi kwa mwanafunzi mwenye uhitaji

Chukua watoto wawili wa darasa la tatu mjini San Diego, jimbo la California, Marekani. Wa kwanza anatoka familia yenye uwezo. Amezaliwa hapo hapo na Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake. Wa pili aliingia mwaka jana na wazazi wake, wakimbizi kutoka Kongo. Kiswahili anakiongea kama maji, Kiingereza ndiyo kwanza anakianza. Serikali ya jimbo inapopiga hesabu ya fedha za shule, huyu wa pili hutengewa kiasi kikubwa zaidi. Hilo limeandikwa katika sheria, na safari ya kuifikia ilianzia mahakamani zaidi ya miaka 40 kabla haijapitishwa.

Zamani shule za jimbo hilo ziliishi hasa kwa kodi ya majengo na viwanja vya mahali zilipo. Penye majumba ya thamani shule zilinona. Penye vibanda zilikonda. Katika mwaka wa masomo 1968/69, Beverly Hills, mji wa matajiri, ilitumia dola 1,232 kwa kila mwanafunzi, na Baldwin Park, mji wa wanyonge, dola 577. Kinachouma zaidi ni kwamba watu wa Baldwin Park ndio waliojikamua zaidi. Walitozwa dola 5.48 kwa kila dola 100 za thamani ya mali iliyokadiriwa, wenzao wa Beverly Hills dola 2.38 tu. Yaani maskini alitozwa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili, na mwanawe akapata nusu.

Mzazi mmoja wa East Los Angeles, John Serrano, aliungana na wazazi wenzake wakaenda kushitaki. Mwaka 1971, na tena mwaka 1976, Mahakama ya Juu ya California iliwapa haki: elimu ya mtoto haiwezi kupimwa kwa utajiri wa majirani zake. Katikati ya hukumu hizo mbili, mwaka 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kama hiyo kutoka Texas kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema elimu si haki inayolindwa na Katiba ya taifa. Ndiyo maana mpaka leo vita hivi hupiganwa jimbo kwa jimbo. Kisha mwaka 1978 wapiga kura wa California waliiwekea kodi ya majengo kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na mfuko wa shule ukahamia Sacramento, makao makuu ya jimbo.

Kwa miaka mingi Sacramento iligawa sehemu ya fedha kwa mafungu zaidi ya 40, kila fungu na masharti yake. Hili la vitabu, lile la mabasi, na fedha za huku haziruhusiwi kugusa shida ya kule. Gavana Jerry Brown ndiye aliyeufumua utaratibu huo. Januari 2013 aliwaambia wabunge wa jimbo kwamba kuwatendea sawa watoto walio katika hali zisizo sawa si haki. Tarehe 1 Julai mwaka huo alitia saini sheria yenye kanuni mpya ya kugawa fedha za shule.

Kanuni yenyewe ina ngazi tatu. Kwanza, kila mwanafunzi ana kiwango cha msingi kulingana na darasa lake. Pili, mtoto wa familia ya kipato cha chini, anayejifunza Kiingereza, au aliyewekwa katika malezi ya serikali huongezewa asilimia 20 ya kiwango hicho. Tatu, wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo fulani, ambayo watoto wa aina hiyo wanazidi asilimia 55 hupata nyongeza nyingine kwa kila aliyezidi mpaka huo. Ilianza kwa asilimia 50 ya kiwango cha msingi, na tangu 2021 ni asilimia 65.

Tuipige hesabu, tukichukua kiwango cha msingi kuwa dola 10,000 ili iwe rahisi. Wilaya yenye wanafunzi 1,000, wahitaji wakiwa 100, itapata dola 10,200,000. Wilaya yenye idadi ile ile lakini wahitaji 800 itapata milioni 10 za msingi, dola 1,600,000 za ngazi ya pili, na dola 1,625,000 kwa wale 250 waliovuka mpaka. Jumla ni dola 13,225,000. Hapo kuna walimu wa ziada, mkalimani, mshauri wa watoto waliopitia vita. Mtoto aliyekosa shule miaka miwili akiwa kambini hawezi kufidiwa kwa mgawo wa kawaida.

Lakini kanuni ina matundu. Mtoto maskini ambaye pia hajui Kiingereza huhesabiwa mara moja tu, kana kwamba mizigo miwili ni sawa na mmoja. Hili mimi naona ni kosa. Tena fedha huingia wilayani, si kwenye shule yake. Mwaka 2019 mkaguzi wa hesabu wa jimbo alieleza kwamba ni vigumu kufuatilia kama fedha za wahitaji zinawafikia. Nyongeza ambayo haikutumika mwaka huu iliweza kugeuka fedha ya kawaida mwaka unaofuata. Mwaka 2021 wabunge wakaziba mwanya huo.

Kuna tundu jingine, dogo kwa sura, nalo ni la karatasi. Watoto ambao familia zao tayari zinapata msaada wa chakula wa serikali hutambuliwa moja kwa moja. Wengine hutambuliwa kwa fomu ya kipato ambayo zamani mzazi aliijaza ili mtoto ale bure shuleni. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, shule za umma za California huwalisha watoto wote bure. Jambo jema kabisa, ila mzazi sasa haoni sababu ya kujaza fomu. Mgeni naye akiona karatasi inauliza mshahara wake na watu anaoishi nao, anaogopa, anaikunja na kuitia kabatini. Mwanawe anakula vizuri, lakini katika hesabu ya fedha hahesabiwi kuwa maskini.

Kama una ndugu mwenye mtoto katika shule za huko, mwambie aijaze. Hesabu ya wanafunzi hupigwa Jumatano ya kwanza ya Oktoba.