Kahawa haikuweka uvimbe kwenye titi la mama mkubwa

Mama mkubwa alikuwa akioga, akagusa titi la kushoto na kukuta kitu kigumu, ukubwa wa punje ya harage, hakiumi hata ukikibonyeza. Jirani akamwambia, "Hiyo ni kahawa, acha." Akaacha. Mwanamke wa Kibosho, Kilimanjaro, aliyekulia katikati ya migomba na mibuni, akakaa miezi minne bila kahawa akisubiri uvimbe uyeyuke. Hiyo miezi minne ndiyo inayoniuma.

"Kahawa inaleta saratani ya matiti."
Hapana. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikusanya wataalamu wakapitia tafiti zaidi ya 1,000 kuhusu kahawa. Kwa upande wa matiti, wanywaji hawakuonekana kuugua zaidi ya wasiokunywa. Katika baadhi ya tafiti waliugua pungufu kidogo.

Maneno haya yana chimbuko. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, wanawake wenye matiti yanayouma na yenye mabonge waliambiwa waache kafeini. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba kuacha kunayeyusha mabonge, na mabonge yale yenyewe hayakuwa saratani. Ukiacha kahawa ukaona maumivu yamepungua, endelea hivyo hivyo, hakuna ubaya. Ila bonge jipya linapimwa hospitali.

"Basi chai ya kijani inakinga, hata inatibu."
Tafiti za kukinga zinapingana, na ya kutibu haipo. Mgonjwa asiache dawa zake kwa ajili ya majani ya chai.

"Chai haina neno, hata ikiwa ya moto vipi."
Hapa sisi wa Kilimanjaro tusikilize vizuri. Wataalamu wale wale wa 2016 walisema kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na nyuzi joto zaidi ya 65 za Selsiasi huenda kinaleta saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Utafiti uliofanyika mkoani kwetu na kutolewa mwaka 2015 uliwapima watu wakinywa chai: kwa wastani walianza kunywa ikiwa imepita nyuzi 70. Chai ya maziwa inayotoka jikoni na kwenda moja kwa moja mdomoni, ndiyo hiyo. Kosa ni la moto wake, na linahusu umio, si titi.

"Bora mbege kuliko kahawa."
Mbege ni pombe yetu ya ndizi. Nimeyasikia haya msibani, yakisemwa na mtu mzima kabisa. Ni kinyume chake. Pombe ya aina yoyote inaongeza hatari ya saratani ya matiti, hata ikinywewa kidogo, kwa sababu inapandisha homoni ya estrojeni mwilini. Umri, historia ya familia na unene baada ya kukoma hedhi navyo vinaongeza. Kunyonyesha kunapunguza.

Ukiona bonge lisilouma, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Nilimpeleka mama mkubwa mwezi wa tano. Wakachukua kipande kwa sindano, majibu yakaja saratani. Sasa yuko kwenye dawa. Kahawa yake ya asubuhi ameirudia, anaimimina kwanza kwenye kisahani ipoe, kama bibi alivyokuwa akifanya.